Sakafu ya Koko Rakeli

Tuelewane mapema, maana watu wa Buffalo mpaka leo ukiwaambia wanakubishia: picha ile ilipigwa Kentucky. Haikupigwa vitani. Ilipigwa katika msitu wa mazoezi usio mbali na Louisville. Ukitoka mtaa wetu wa Newburg kwa gari na kuwasha nyimbo za kwaya, kwaya haijachoka, umeshafika. Rwema amelala kifudifudi kwenye matope, uso umepakwa rangi nyeusi na kijani, mvua inamchuruzika kutoka kwenye kofia ya chuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ukiitazama picha hiyo bila kuambiwa kitu, utasema kijana huyu leo haioni jioni.

Siku ilipopigwa, Rwema alimtumia mama yake, Mariya, na maneno ya kujicheka: "Mama, ona mwanao amegeuka nguruwe." Mariya akamjibu kwa picha ya kidole gumba, akarudi kwenye kazi yake ya kuwaogesha wazee wa watu. Hakuna aliyefunga siku hiyo. Hakuna aliyemwombea. Kwa akili ya Mariya, askari aliye karibu kiasi cha kupelekewa sambusa Jumapili si askari wa kuliliwa machozi.

Na hapo ndipo penye kichekesho, kama ni kichekesho. Maisha ya jeshi ya nyumbani yalimtoa Rwema jasho la damu. Aliamshwa kabla ya ndege, akakimbizwa mpaka akatapika, akasugua sakafu zilizokwisha kusuguliwa, akasimama kwenye baridi huku sajenti akimweleza alivyo mvivu yeye na ukoo wake. Wiki za mazoezi walichimba mashimo wakalala humo humo na viatu vyao vimejaa maji. Akipiga simu nyumbani kulalamika, mama yake alimwambia, "Si uko hapa tu? Kuja ule."

Kisha wakampeleka ng'ambo, Poland, na raha ikaanza.

Ndiyo, raha. Sina neno jingine. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la vipuri: matairi, betri, taa za magari. Alipanga maboksi, akayabandika namba, akayapakia kwenye lori, saa za kazi zikiisha akanawa mikono. Vita vilikuwa nchi ya jirani, na habari zake alizipata kwenye televisheni kama watu wa Newburg walivyozipata. Alilala kwenye chumba cha watu wawili chenye joto la kutosha kutembea na fulana. Godoro nene, mito miwili. Asubuhi mayai unavyoyataka, jioni kuku, halafu aiskrimu unajichotea mwenyewe mpaka uone haya. Jumamosi basi liliwapeleka mjini kutembea. Miezi haikupita mingi, suruali ya jeshi ikaanza kumbana tumboni.

Sasa mwelewe Mariya. Hawa ni watu waliotoka milima ya Kivu Kusini. Kwao askari aliyeondoka ni mtu anayelala porini, anayekula akipata, na ambaye mara nyingi kinachorudi ni habari yake. Askari anayepanga maboksi na kulamba aiskrimu hayumo vichwani mwao, na huwezi kuwalaumu, hawajamwona. Rwema alijaribu kumweleza, tumpe haki yake.

"Mama, huku napanga maboksi tu."

"Bon, maboksi," Mariya akasema, sauti imejaa huruma. "Najua banawakataza kusema. Usiseme kitu, mwanangu. Miye mama yako, nimeelewa."

Akakata simu, akaitafuta ile picha ya matope, akaitia kwenye kundi la maombi la WhatsApp linalowaunganisha ndugu wa Louisville, Columbus na Buffalo. Chini yake akaandika: Rwema wetu yuko vitani, muombeni. Kabla ya jioni watu walikuwa wamegawana siku za kufunga kama wanavyogawana zamu kiwandani. Louisville wakachukua Jumatatu. Columbus wakachukua Ijumaa. Buffalo wakasema wao ndio wenye baridi kali, wapewe siku mbili.

Rwema aliiona picha yake inazunguka. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye mto, na alianza kuandika kwamba picha hiyo ni ya Kentucky. Kabla hajatuma ikaingia sauti ya Pasta Rugaba wa Columbus. Huyu ndiye aliyekuwa akimtaja Rwema kwenye ibada za vijana, miaka ile alipoacha shule, kama mfano wa mtoto aliyeshindikana. Sasa alikuwa analia. "Shujaa wetu," pasta alisema, "mtoto wetu amejitoa kwa ajili ya watu." Hakuna mtu aliyewahi kumwita Rwema shujaa. Aliirudia sauti ile mara kadhaa, kisha akayafuta maneno aliyoyaandika. Aliona haya, lakini aliona na utamu, na ule utamu ndio ulioshinda.

Baadaye kidogo ikaja sauti ya Koko Rakeli, bibi yake aliyemzaa Mariya, anayekaa Buffalo kwa mwanawe Azarias. Koko hajui kuandika, na simu huishika mbali na mdomo kana kwamba itamuuma. "Rwema, mwana wangu," aliuliza, "unalalaka wapi?"

Rwema alikuwa kwenye foleni ya chakula, sinia mkononi. Kumweleza koko kungehitaji maneno mengi, na yule aliyekuwa nyuma yake alikuwa anamsukuma. Akabonyeza, akasema, "Koko, maisha ya askari unayajua." Akatuma. Akachota aiskrimu yake, akasahau.

Alirudi majira ya machipuko. Nyumba ya Newburg ilijaa watu mpaka kwenye ngazi, wakaimba, wakala, wakamshika mabega na kushangaa. "Hata hakukonda, Mungu ni mukubwa," walisema, na Rwema akainamia sahani yake. Watu walipoondoka na vyombo vikaoshwa, Mariya akamwambia ajitayarishe kwa safari. Kwao shukrani haitumwi kwa simu. Aliyeombewa anakwenda kwa miguu yake mwenyewe kwa wale waliomwombea, wamwone, wamguse, washibe. Wangepita Columbus kwanza, halafu Buffalo.

"Koko anakungojea umuinue," Mariya alisema.

"Nimwinue? Anaumwa?"

Mariya akaacha kukunja nguo. "Bon, tulikuficha usihuzunike huko. Ile siku ulimujibu, koko akashuka kitandani. Akasema, mujukuu hawezi kulala ku udongo na yeye alale ku godoro. Donc, tangu siku ile analala chini, ku sakafu, na blanketi moja. Mujomba wako amelia, pasta amesema, wapi. Ameweka nadhiri. Atapanda kitanda siku Rwema atarudi na kumuinua na mukono wake."

"Baridi yote ile?"

"Baridi yote."

Yaliyobaki aliyapata kidogo kidogo, maana Mariya alikuwa anayatoa kama mtu anayetoa miba. Katikati ya baridi kifua cha koko kilijaa, wakampeleka hospitali, na hata kule alishuka kitandani akajilaza chini, manesi wakadhani akili imeruka. Kifua kilipona. Kiuno hakikupona. Daktari wa Kenmore, jirani na Buffalo, aliwaambia mfupa umeshakaa vibaya na kwa umri ule hataki kuugusa. Koko sasa alitembea ameinama, akishika ukuta.

Rwema akaingia bafuni, akafungulia maji ili asisikike. Alijichukia, nisimfichie. Aliyakumbuka yale maneno aliyoyasema na sinia mkononi, na akakumbuka pia ladha ya ile aiskrimu, ilikuwa ya vanila. Alipotoka alikuwa ameamua kusema ukweli, kote, kuanzia Columbus.

Columbus kulikuwa na ibada ya shukrani. Ile picha ya matope ilikuwa imekuzwa ukutani nyuma ya madhabahu, kubwa kuliko mlango. Pasta Rugaba akampa kipaza sauti, akamwambia atoe ushuhuda. Rwema akasimama, akafungua mdomo. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mama Aksanti, mwanamke mwembamba aliyekuwa bado na fulana ya kazi chini ya kitenge, na kabla Rwema hajasema kitu mama huyu akainuka mwenyewe kwa furaha.

"Mwanangu, niache kwanza nikuambie," alisema. "Miye niko napakia maboksi ku ghala. Kila Ijumaa nilipakia na njaa, sikunywa hata maji. Mikono ikichoka nasema, Rwema anapigwa risasi, weye unalia juu ya maboksi?"

Watu wakapiga makofi. Rwema akamtazama mikono, mikono ya mtu wa maboksi, anaijua, yake ilikuwa hivyo hivyo, ila yake ilishiba. Angewezaje kumwambia mama huyu, mbele ya watu wote, kwamba walifanya kazi moja na yeye ndiye aliyekula? Akasema Mungu ni mwema. Wakaitikia kila wakati ni mwema. Akarudisha kipaza sauti, akaketi, na pasta akamkumbatia mpaka shati likalowa.

Kwenye barabara ya kwenda Buffalo alishindwa kujizuia. Alikuwa anaendesha, Mariya pembeni yake anamenya chungwa. Akamweleza yote: chumba, godoro, mayai, basi la Jumamosi, na lile jibu alilompa koko kwenye foleni ya chakula. Mariya alimenya polepole zaidi na zaidi.

"Kulikuwa salama?" akauliza mwishowe.

"Salama, mama. Salama kuliko Newburg."

Mariya akatazama nje, mashamba bado yana theluji pembeni. Rwema akamngoja alie au amtukane, lakini hakufanya hata kimoja, na ikabidi amuulize yeye. "Mama, ile picha. Si nilikutumia mwenyewe nikiwa hapa? Ulijua ni ya Kentucky."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliituma ile?"

"Picha za huko ulikuwa umenona," Mariya akasema. "Nani atafunga juu ya mutu amenona?" Akampa kipande cha chungwa, akala chake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Sikujua koko atafanya vile. Naapa, Rwema, sikujua. Sasa nisikilize. Kwa koko usiseme. Kiuno chake kimeisha. Ukimuambia alilala chini bure, utamuua. Weye utapumua vizuri, na yeye atakufa. Umuinue, tulie, turudi."

Rwema akakaza macho barabarani. Kusema maneno ya mama hayana maana asingeweza, yalikuwa na maana tele. Lakini kila alipojiona anamnyanyua yule bibi kwa mkono wake, watu wakiimba, aliona aibu. Kumwinua juu ya uongo kungekuwa ni kumdanganya mara ya pili, na safari hii bila foleni ya kusingizia. Wakafika Buffalo bado hajaamua.

Azarias alikuwa ameomba ruhusa kiwandani, akawapokea mlangoni na kuwapandisha ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Sebule ilishajaa majirani. Kwenye jiko maziwa yalikuwa yanachemshwa, ya kumpa koko akishakaa kitandani, kama walivyopanga. Azarias hakumruhusu Rwema aketi. "Anza na yeye," alisema, "ameamuka akikuulizia."

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda kilitandikwa vizuri, shuka limevutwa, mto mmoja mweupe haujalaliwa. Kando yake sakafuni, juu ya mkeka na blanketi lililochakaa, Koko Rakeli alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa. Amekuwa mdogo. Alipomwona Rwema uso wote ulifunguka, akanyoosha mkono juu, tayari kuinuliwa, na watu mlangoni wakaanza wimbo.

Rwema hakuushika ule mkono. Alipiga magoti.

"Rwema," Mariya alimwita kwa ukali kutoka mlangoni.

"Koko," Rwema akasema, "sikulala chini."

Wimbo ukakatika. Koko akabaki na mkono wake hewani. "Unasema?"

"Sikulala chini. Nililala kitandani. Kulikuwa na joto. Sikuwa vitani, nilikuwa ku ghala. Ile picha si ya kule, na siku ile ulipouliza, nilikujibu vibaya kwa uvivu. Nisamehe, koko."

Azarias akashika kichwa. Mariya alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge. Koko aliushusha mkono polepole, akaulaza juu ya blanketi, akamtazama mjukuu wake, na Rwema akajiandaa kwa lolote. Kama angemtemea mate, angeyaacha usoni.

"Hata siku moja?" koko akauliza. "Hukulala chini hata siku moja?"

"Kule, hata moja."

"Mvua haikukunyeshea?"

"Hapana, koko."

Koko Rakeli akafumba macho. Midomo ikaanza kutetemeka, na Mariya akapiga hatua mbele, maana alidhani ndiyo hiyo, amemuua. Kumbe bibi alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakimwingia masikioni, akampapasa Rwema usoni kwa vidole baridi.

"Nikuambie kitu," alisema. "Babu yako, wakati wa vita kule milimani, alikuwa ku pori na vijana wenzake. Mvua ilinyesha usiku na muchana. Miye nilikuwa ku nyumba, ku kitanda. Nikajifunika blanketi mbili. Nikasikia mvua juu ya nyasi, nikasema, blanketi ni nzuri. Nililala vizuri sana, Rwema. Asubuhi bakaniletea koti yake tu." Akapumzika kidogo. "Sijamuambia mutu, hata mama yako. Sasa weye ulipoenda, nikamuambia Mungu, huyu mupe kitanda. Sakafu nipe miye. Kila usiku nilimuambia vile. Na unaona? Hata siku moja."

Rwema alitaka kumwambia kwamba sivyo. Kitanda kilikuwepo kabla ya maombi, jeshi lilikipanga, kila askari wa kambi ile alipata chake. Yote hayo alikuwa nayo mdomoni. Alitazama ule uso, akaona kwamba neno moja lingetosha kuurudisha kwenye mvua ile na lile koti. Alikuwa amekuja kujitua mzigo, na sasa ametwishwa mwingine ambao hatautua. Akayameza.

"Joto lilitosha?" koko akauliza.

"Lilitosha. Nilitembea na fulana."

"Amina. Chakula?"

"Mayai kila asubuhi. Kuku. Aiskrimu, koko. Unachota unavyotaka."

"Amina. Endelea."

Akaendelea. Alimweleza godoro lilivyokuwa nene, basi la Jumamosi, suruali iliyombana. Kila alichokitaja kilimchoma, na koko kila alipokipokea alijikanda kiuno kwa mkono mmoja na kusema amina, na majirani mlangoni wakaanza kuitikia naye. Hata Mariya aliitikia, kitenge bado mdomoni. Rwema alitamani aseme kitu kimoja tu kilichokuwa kibaya kule, akatafuta, akakosa.

"Na muto? Bakakupatia muto?"

Rwema akautazama ule mto mweupe juu ya kitanda. "Miwili," akasema.

"Mumesikia?" koko akawaambia watu. "Miwili." Akanyoosha tena mkono.

Safari hii Rwema aliushika. Alimvuta taratibu, lakini kiuno hakikunyooka, ikabidi ampitishie mikono chini na kumbeba hivyo alivyokunjamana. Alikuwa mwepesi kuliko boksi lolote alilolibeba Poland. Akamlaza, akamvutia shuka mpaka kidevuni, watu wakaimba ule wimbo mpaka mwisho, na Azarias akaleta maziwa kwenye kikombe. Koko hakuyanywa. Alikuwa amekwisha kusinzia, mdomo wazi kidogo, shavu kwenye mto.

Watu wakarudi sebuleni kula. Mariya akamgusa Rwema bega, naye akasema anakuja. Alikuwa amepiga magoti tena pale pale penye mkeka, na baridi ya mbao ilikuwa inapanda kwenye magoti yake.